Carina iliyochemsha Kitonga, na gereji ya Kihonda isiyo na bango

Fundi mzee wa Kihonda, Morogoro, nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano kaipoteza mwenyewe kwa kukosa choo na kwa kumwaga maji ya rejeta mtaroni, nitafika huko.

Gari ni Carina Ti ya mwaka 1998, injini ya 5A. Naendesha mwenyewe. Nauza vitenge na mashuka: nachukua Kariakoo, nauza Morogoro, Iringa, nikijaliwa nafika mpaka Makambako. Kwa hiyo mlima Kitonga, ambao wengine wanasimama kupiga picha, mimi ni njia yangu ya kazini. Napanda nikiwa na mabunda nyuma, lori mbele yangu linatambaa kama kobe, na hakuna pa kulipita.

Mara ya kwanza gari lilichemsha hapohapo Kitonga, mwezi wa tatu. Mshale ulipanda mpaka karibu na H, nikazima AC, nikafungua hita mpaka mwisho (ndiyo, kwenye joto lile, vioo chini, jasho linanitiririka kama niko kwenye ngoma ya harusi), nikatafuta pa kuegesha. Vijana wakaja na madumu ya maji wanataka kufungua mfuniko papo hapo. Nikawakatalia. Nilishamwona kondakta aliyefungua rejeta ya moto, uso wake sitausahau. Na maji baridi juu ya injini inayowaka ndiyo yanayopasua vyuma. Nikakaa kivulini dakika 50, nikaongeza maji taratibu huku injini inanguruma, nikafika Iringa.

Hapo ndipo safari ya mafundi ilipoanza. Majina na magereji yao nayaacha.

Fundi wa kwanza, Iringa, hakuuliza kitu. Alifungua kikombe cha themostati (ule mlango mdogo unaofungulia maji kwenda kwenye rejeta yakipata moto), akaitoa, akafunga bila kurudisha. "Hii ni ya nchi za baridi, dada, huku inakubana tu." Elfu 20. Nilimwamini kwa sababu gari lilikaa baridi kabisa, mshale hauinuki. Nilichokuja kukigundua ni kwamba mafuta yalikuwa yanaisha kabla ya safari. Njia ambayo nilizoea kuimaliza na tangi nikabakiwa na robo, sasa taa ya mafuta inawaka kabla ya Ilula. Asubuhi injini inaunguruma juu kwa muda mrefu kama haijaamka. Halafu mwezi wa tano likachemsha tena, na safari hii tambarare, karibu na Doma, nikiwa mwendo wa 80, upepo tele mbele.

Wa pili akasema feni. Akaiunga moja kwa moja, ukiwasha swichi tu feni inazunguka mpaka uzime. Elfu 45 pamoja na rilei. Siku moja niliacha swichi wazi nikiwa napakua mzigo, betri ikalala. Likachemsha tena.

Safari ile ya tatu ndiyo nataka msomaji aikumbuke. Mshale ulipanda, ukafika juu kabisa, halafu ukashuka ghafla mpaka katikati. Nikasema alhamdulillah, limepoa, nikaendelea kama kilomita 2 hivi. Kumbe maji yalikuwa yamekwisha. Kihisio cha joto kinasoma maji, na kikibaki hewani kinadanganya. Injini iko motoni, mshale unakwambia lala usingizi. Kilichonishtua ni hita: ilikuwa inatoa moto, ikaanza kutoa upepo wa kawaida. Nikazima palepale.

Wa tatu alitazama moshi mweupe wa asubuhi, akatazama mapovu kwenye rejeta, akatangaza: gasketi imeungua, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, yaani silinda hedi. Kushusha silinda hedi, kupeleka kuskimu (kusawazisha uso wake), gasketi mpya, kurudisha: laki 6 na nusu, nitangulize nusu. Alizungumza na mume wangu kwa simu, mimi niliyesimama mbele yake na funguo mkononi hakunitazama. Nikamwambia nakwenda kutoa hela benki. Sikurudi.

Mteja wangu mmoja wa Morogoro, anayenunua doti kumi kumi, ndiye aliyenielekeza Kihonda. "Yupo mzee mmoja, ana maneno mengi, lakini hafungui injini kabla hajajua." Hakuna bango. Ni uwanja wenye mwembe, kontena la bluu lililokatwa dirisha, na Noah mbili zisizo na matairi ambazo nadhani kuku wameshazirithi.

Nikamsalimia, shikamoo mzee. Marahaba mama, pole na barabara. Nikaanza kumweleza kuhusu gasketi, akanyanyua kiganja. "Gasketi tutaikuta yenyewe. Linachemsha ukiwa kwenye foleni, au ukiwa unatembea?" Nikamwambia mlimani, na tambarare. Kwenye foleni ya Msamvu je? Hapana, kule halichemshi. "Basi feni tuisogeze pembeni kwanza. Feni ni ya kusimama. Ukitembea, upepo ndio feni. Gari linalochemsha likiwa mbioni, maji hayazunguki vya kutosha au hayapozwi."

Akaendelea. Naongeza maji kiasi gani, baada ya safari ya umbali gani? Tangi la akiba la maji linajaa huku rejeta inapungua? (Ndiyo! Na hakuna aliyewahi kuniuliza.) Oili ina rangi gani? Maji ninayoongeza ni ya bomba au ya kisima? Hapo nikasita. Nyumbani kwetu Dar ni kisima, na maji yake ukichemshia chai unaacha sukari unadhani umeshatia chumvi. Miaka minne nimejazia hayohayo. Mzee akaguna tu.

Halafu akanifanya nisubiri. Saa tatu nzima, bila kugusa gari, mpaka injini ipoe. Kero yangu ya kwanza ilikuwa hiyo, nikanung'unika, akanionyesha mkono wa kushoto kuanzia kiwiko kwenda chini, ngozi imekunjamana kama karatasi. Nikakaa.

Ilipopoa akafungua mfuniko wa rejeta, akajaza maji, akaniambia niwashe bila mfuniko. Mapovu yakatoka. Moyo ukanidunda. Akasema subiri. Baada ya dakika kadhaa yakakoma. Akakanyaga mafuta, maji yakatulia. Ndipo nikaelewa alichonieleza: hewa iliyonaswa baada ya kujaza maji hutoa mapovu kisha huisha, lakini gasketi iliyoungua haiishi mapovu, na ukikanyaga mafuta yanazidi. Hakuridhika na macho. Alitoa kichupa chenye maji ya bluu na mrija wa kioo, akaubana kwenye mdomo wa rejeta, akapampu hewa ya juu ya maji ipite ndani ya ile bluu. Moshi wa injini ukiwa unavujia kwenye maji, bluu inageuka njano. Tukatazama wote, na kijana wake, na muuza mihogo aliyekuja kushangaa. Ikabaki bluu.

Moshi mweupe je? "Ulikuwa wapi?" Iringa. "Mwezi gani?" Wa sita. "Hata wewe asubuhi ya Iringa mwezi wa sita ukifungua mdomo unatoa moshi. Gasketi yako nayo imeungua?"

Laki 6 na nusu ikarudi mfukoni kwa sentensi moja.

Baada ya hapo alichukua pampu ya mkono yenye saa, akaifunga kwenye rejeta, akasukuma presha mpaka 0.9, namba ileile iliyoandikwa kwenye mfuniko. Ikakaa, haikushuka, maana yake hakuna panapovuja. Akaufunga mfuniko wenyewe kwenye pampu hiyohiyo, ukaachia kwenye 0.3. Kitu cha elfu 12. Presha ndiyo inayozuia maji yasichemke mapema, na hapa kuna jambo nililisoma shuleni nikalisahau: kadiri unavyopanda juu, maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi. Pwani ni nyuzi 100. Iringa mjini, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ni kama 95. Kwa mfuniko mzima haijalishi, kwa sababu presha inayapandisha mpaka karibu 120. Kwa mfuniko wangu uliochoka, nilikuwa nachemsha chai kila nikipanda Kitonga, na chai yote inakimbilia tangi la akiba.

Feni nayo aliipima ingawa alikwisha kuitoa hatiani. Aliondoa ule uungaji wa moja kwa moja, akarudisha nyaya zake za asili, akachomoa waya wa swichi ya joto. Feni ikazunguka. Nikadhani ndio imeharibika. Kumbe Toyota nyingi za miaka ile zimetengenezwa hivyo: ukikata waya feni inawaka, ili swichi ikifa feni isife nayo. Yule wa pili alitengeneza kitu kizima.

Kisha akatoa thermometa ya bunduki. Akacheka mwenyewe, akasema ya kwanza aliinunua wakati wa korona, ile ya kupimia watu paji la uso, akaielekeza kwenye injini ikamwandikia kosa, maana ile mwisho wake ni homa. Hii ni ya viwandani. Injini ikiwa imepata moto akaitembeza juu ya rejeta kama mtu anayepiga pasi: juu 91, katikati 66, upande wa kushoto chini 43. Palipo baridi kwenye rejeta ya moto ni pale ambapo maji hayafiki. Karibu theluthi nzima ilikuwa imekufa.

Aliishusha, akaijaza maji, akaigeuza. Yalitoka kwa kuvuta, kama bomba la mtaani siku ya mgawo, na rangi yake ilikuwa kutu, lakini ndani ya kutu kulikuwa na tope la njano. Akalichukua kwa kidole, akanusa.

"Mama, humu mlikuwa mnapika mchuzi wa samaki?"

Ilibidi niungame mbele ya watu. Miaka miwili nyuma rejeta ilikuwa inavuja kidogo, dereva mmoja wa fuso akanishauri nitie manjano, vijiko vinne, yatavimba yazibe tundu. Nikatia. Yaliziba tundu, kweli. Yakaendelea kuziba na yale yasiyohitaji kuzibwa, yakishirikiana na chumvi ya kisima changu. Mzee alisema manjano ni afadhali, ameshakuta mayai, unga wa sembe, na siku moja majani ya chai. Dawa za dukani za kuziba nazo hazipendi, anazikubali kwa mtu aliye porini tu, akifika mjini azisafishe.

Nikamwuliza kama tunaweza kuizibua. Akasema angeweza kukunjua mdomo wa juu na kupitisha waya, lakini matangi ya plastiki ya umri ule yanavunjika kama biskuti, na ningerudi baada ya miezi mitatu. Tukaagiza mpya. Akabonyeza pia mpira wa chini wa kupitishia maji ya rejeta, ukabonyea kama chapati. Mpira ukilainika hivyo, injini ikikimbia, pampu inaunyonya unajikunja na kujifunga, na ukisimama ukafungua boneti unaukuta umeshafunguka, unaonekana mzima. Tukabadilisha yote miwili, wa juu na wa chini. Mkanda wa pampu ya maji ulikuwa mzuri, akaukaza kidogo.

Ikabaki themostati. Aliposikia ilitolewa alikaa kwenye ndoo akapumzika, nadhani ndiyo mara ya pekee nilipomwona amekasirika. Themostati ya injini hii, alisema, ina mlango wa pili nyuma yake. Maji yakipata moto, mlango mmoja unafungulia rejeta, mwingine unafunga njia ya mkato. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inazunguka ndani ya injini bila kupitia kwenye rejeta. Kwa hiyo ukiwa kwenye mteremko injini inakuwa baridi mno, inakunywa mafuta ikidhani bado ni alfajiri, na ukiwa mlimani inakosa msaada ule inaouhitaji.

Kijana akatumwa dukani, akarudi na mbili, kila moja elfu 25. Hakuzifunga. Aliagiza sufuria na jiko la mkaa kwa mama lishe wa jirani, akazining'iniza kwa uzi ndani ya maji, akatumbukiza kipimajoto cha kioo. Hapo nikakumbuka: yule wa Iringa aliponitolea ya zamani aliifunga kwenye tishu akaitupa kwenye droo ya mbele. Nikaenda, bado ipo, chini ya stika za bima. Ikatumbukizwa ya tatu.

Tulikaa kuzunguka sufuria lile kama watu wanaosubiri pweza aive. Kwenye 82 yangu ikaanza kufunguka, polepole, mpaka ikaachama kabisa. Za dukani kimya. 85, 88. Moja ikafumbua jicho kwenye 93. Nyingine maji yalichemka, yakatokota, yakapungua, haikufunguka. Juu yake imechapishwa 82.

Zikarudishwa dukani, fedha ikarudi, na themostati iliyozaliwa na Carina ikarudi mahali pake, na kile kipini kidogo kinachochezacheza kikielekezwa juu ili hewa ipite. Angeweza kunifungia mpya nisijue. Nyota mbili kati ya zile nne ni za sufuria lile.

Kujaza kulichukua muda kuliko nilivyotarajia. Alipandisha mbele ya gari juu ya tuta, hita wazi, akawa anabinya mipira na kuongeza kidogo kidogo mpaka hewa iishe. Ziliingia karibu lita 5 na nusu, nusu kulanti nyekundu, nusu maji yale safi ya kuongezea betri (si tindikali, jamani, angalieni chupa). Rangi peke yake si kulanti, kuna vibidoni barabarani ni maji na wino. Kulanti yenyewe ndiyo inayozuia kutu.

Gharama: rejeta 180,000, mfuniko 12,000, mipira 25,000, kulanti 28,000, ufundi 60,000. Jumla 305,000. Ufundi niliona ni mdogo, nikaongeza elfu 10, akampa kijana.

Sasa lawama. Aliniambia nitaondoka saa nane mchana, nikaondoka kesho yake saa tano asubuhi, nikalipa gesti. Simu hapokei, anasema mikono ina oili. Risiti ni karatasi ya daftari, kwa hiyo kama unadai kampuni au bima ikurudishie, umekwama. Choo hakuna, utakwenda kuomba kwa mama lishe, naye ni mkarimu ila ni aibu. Kijana aliacha alama ya vidole vyeusi kwenye kiti changu cha dereva. Na lililoniudhi zaidi: kulanti iliyomwagika waliisukumia mtaroni. Ile kitu ina utamu na ni sumu, na uwanja ule una kuku, mbwa na watoto wanaopita kutoka shule. Nilimwambia. Akasema atatafuta dumu. Nilipopita wiki mbili baadaye kumletea mke wake kitenge, dumu lilikuwepo, tupu.

Na sikuondoka na cheti cha injini mpya. Alinieleza wazi kwamba gari lililochemsha mara tatu huenda hedi imejipinda kidogo, ila hafungui kinachofanya kazi. Nikiona maji yanapungua bila kuvuja, au mipira imekuwa migumu asubuhi kabla sijawasha, nirudi.

Tangu hapo nimepanda Kitonga mara 6, mara moja nikiwa na mabunda 9 na mama mkwe. Mshale unakaa chini kidogo ya nusu, hautikisiki. Mafuta yamerudi kama zamani. Kila asubuhi natazama tangi la akiba kabla ya kunywa chai, na liko palepale kwenye mstari.

Ukienda, nenda mapema na gari likiwa limelala usiku, vinginevyo utasubiri lipoe kama mimi. Ukifika kwenye mwembe uliza mzee wa sufuria, watakuonyesha.

Yule dereva wa fuso nilimtumia picha ya tope la njano. Akajibu kwa sauti, sekunde nne: "Mbona mimi kwangu yalishika?"